Maji kwanza, rangi mwisho: shajara ya matengenezo ya kanisa letu

Ukaguzi

Kanisa ni dogo: ukumbi mmoja wa mita 16 kwa 8, madhabahu upande wa mashariki, sakristia (chumba cha mavazi na vyombo vya ibada) iliyoongezwa ubavuni miaka mingi baadaye, na mnara mfupi wa kengele juu ya mlango wa magharibi. Kuta ni za mawe, unene wa sentimeta 60 hivi, zimejengwa kwa chokaa na mchanga. Paa ni kenchi za mbao na mabati ya migongo. Kamati imenipa kazi ya kuandika kila hatua ili watakaotufuata wajue nini kiliguswa, wapi, na kwa sababu gani. Sisi waliotutangulia hawakutuachia hata karatasi moja, kwa hiyo tumelazimika kulisoma jengo lenyewe.

Waumini wanataka rangi. Walianza kusema hivyo kabla hatujapanda hata ngazi. "Katibu, pakeni rangi kwanza, mengine yatafuata polepole." Nawaelewa. Rangi iliyobanduka anaiona kila aliyeketi kwenye benchi. Kenchi iliyooza hakuna anayeiona. Lakini rangi haibanduki yenyewe, na tumekubaliana na fundi mkuu kuanza ukaguzi kule maji yanakoanzia safari yake, juu kwenye kofia ya paa, tushuke nayo hadi kwenye msingi.

Tulichokuta: mabati yameliwa na kutu kwenye matundu ya misumari, mifereji ya paa imejaa majani yaliyogeuka udongo, na ndani yake mche umeota, bomba la kushusha maji upande wa kaskazini limevunjika katikati na linamwaga ukutani, ardhi ya nje imepanda kuliko sakafu ya ndani, kuta za ndani zimepigwa lipu ya saruji hadi kimo cha kifua, na ukiigonga inaitikia utupu, mchwa wamejenga njia za udongo hadi kwenye fremu ya mlango wa sakristia, popo wako darini. Halafu kuna ufa.

Ufa wa ukuta wa kaskazini

Huu ndio uliotunyima usingizi. Unaanzia chini ya paa karibu na madhabahu na kushuka hadi kwenye pembe ya dirisha. Juu unaingiza kidole, chini hauingizi hata ukucha. Fundi mkuu aliutazama muda mrefu bila kusema, kisha akaomba timazi. Uzi ulipotulia, ukuta ulionekana umelalia nje kwa sentimeta 4 kutoka juu hadi chini.

Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini, kwenye ukuta uliolalia nje, si lazima ulaumu msingi. Kwanza unaelekeza kidole kwenye paa. Tukapanda darini na taa, na jibu lilikuwa pale pale: kenchi iliyo karibu na madhabahu imekatwa mbao yake ya chini, ile inayolala kutoka ukuta hadi ukuta. Imekatwa kwa msumeno, safi kabisa, pande zote mbili. Wazee wanasema ilifanyika zamani ili msalaba mkubwa wa ukutani uonekane vizuri kutoka benchi la nyuma.

Nieleze kidogo, maana swali la jinsi mbao moja iliyokatwa inavyoweza kupasua ukuta limeulizwa kila Jumapili. Makombamoyo mawili, yaani mbao za mteremko wa paa, yakiegemeana juu, uzito wa paa huyasukuma miguu yao ifunguke kwenda nje. Mbao ya chini ya kenchi huikamata miguu hiyo isiachane. Ukiikata, msukumo wote unahamia kwenye kuta. Ukuta wa mawe hubeba uzito unaoshuka wima bila taabu, ila ukisukumwa ubavuni hauna nguvu hiyo. Wajenzi wa makanisa makubwa ya Ulaya, kama la Chartres, walilijua tatizo hili walipoinua dari za mawe, ndiyo maana kwa nje utakuta matao na nguzo za kuegemeza zinazokabili msukumo. Letu halina hata nguzo moja ya nje, kwa sababu halikuhitaji. Kenchi zilikuwa zinajifunga zenyewe.

Swali la pili: je, ukuta bado unasogea, au ulishatulia? Tumebandika vipande vya kioo chembamba vikivuka ufa, kila kimoja kimeshikwa kwa jasi pande zote mbili, na kando yake mstari wa penseli wenye tarehe. Kioo hakinyumbuki. Ukuta ukisogea kidogo tu, kinapasuka. Mpaka majibu yapatikane, benchi tatu za upande ule zimefungwa kamba na hakuna anayeketi.

Mhandisi wa majengo amekuja

Amekubaliana na fundi. Kioo cha juu kimepasuka tayari, cha chini kizima. Uamuzi: hatutarudisha mbao nene itakayoukata msalaba katikati tena. Tutaweka fimbo ya chuma, nyembamba, yenye bamba kila mwisho lililofungwa kwenye mguu wa kombamoyo, na katikati kiungo cha kukazia. Kutoka benchi la nyuma itaonekana kama mstari tu.

Kijana mmoja wa kamati aliuliza kama tunaweza kukaza mpaka ukuta urudi wima. Mhandisi alikataa moja kwa moja. Ukuta umeshazoea mahali ulipo, mawe yamejipanga upya ndani kwa ndani, na ukiuvuta kwa nguvu unaweza kufungua nyufa nyingine. Fimbo inakazwa mpaka ulegevu uishe, basi. Nimeandika hili kwa makusudi, kwa sababu nina hakika siku moja mtu atakiona kile kiungo na kushikwa na hamu ya kukizungusha. Asikizungushe.

Paa

Kenchi iliyokatwa ilishikiliwa kwa miti ya kuegemeza wakati fimbo inafungwa. Kazi ilikwenda vizuri. Nyingine zote ni nzima, isipokuwa mguu wa kombamoyo moja uliooza pale lilipokaa ndani ya ukuta uliolowa. Fundi seremala hakulitoa lote. Alikata sehemu mbovu kwa mshazari mrefu, akaunga mbao mpya ya aina ile ile, akafunga kwa bolti, kisha akachonga mwaka kwenye kiraka. Baadhi yetu tuliona kama majivuno. Lakini ni utaratibu wenye mizizi: Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaoongoza kazi za kuhifadhi majengo ya kale, unataka kilichoongezwa kikae vizuri na cha zamani lakini kitambulike kuwa ni kipya, ili jengo lisitoe ushahidi wa uongo. Kiraka chenye mwaka ni shajara fupi kuliko hii.

Mabati yenyewe ni hadithi nyingine. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo London mwaka 1829, na siri yake ni kwamba bamba jembamba la chuma lisiloweza kujibeba likikunjwa migongo linakuwa gumu kiasi cha kuvuka nafasi pana kati ya papi na papi, mbao linazolalia. Zinki ya kulikinga na kutu ilifuata miaka ya 1830. Maji hupita bondeni, kwa hiyo msumari hupigwa mgongoni. Upande wetu wa kusini mtu alipiga misumari bondeni. Kila mvua iliyonyesha tangu siku ile imepita juu ya matundu hayo.

Jambo lililotushangaza ni lile la waya wa radi. Ukanda wa shaba kutoka mnarani umelazwa juu ya mabati hadi ukingoni, na chini yake bati lote ni kutu tupu, wakati bati la jirani ni zima. Shaba na zinki zikikutana penye maji, zinki ndiyo inayoliwa; hata maji yaliyopita juu ya shaba kisha yakatiririka kwenye bati yanatosha kuidhuru. Ukanda umehamishwa. Sasa unashuka kwa nje ya mnara, mbali na paa, moja kwa moja ardhini. Mabati yaliyooza yamebadilishwa, mazima yamebaki, na skrubu zenye wosha za mpira zimechukua nafasi ya misumari.

Mifereji

Nilifanya hesabu kwenye ubao wa matangazo ili watu waelewe kwa nini tunatumia fedha kwenye mabomba. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kanisa letu lina mita 128 za mraba, ukiacha ukingo wa paa. Mvua nzuri ya milimita 40 inashusha zaidi ya lita 5,000. Nusu yake inakwenda upande wa kaskazini, na ilikuwa inamwagikia ukutani sehemu moja, pale bomba lilipovunjika. Hakuna aliyeuliza tena.

Mifereji mipya ina mteremko wa sentimeta 1 kwa kila mita 2, mikubwa kuliko ya awali. Mabomba yameachiwa nafasi ya vidole viwili kutoka ukutani, ili yakija kupasuka maji yadondoke mbele ya ukuta.

Popo na mchwa

Kwa kifupi. Popo hawauawi, na hawafukuzwi wakati wana vitoto visivyoweza kuruka, kwa sababu vitafia humo ndani. Tumesubiri, tukawaachia njia za kutokea bila kurudi, kisha tukaziba. Kinyesi chao kililowanishwa kwanza, kikazolewa na watu waliovaa barakoa, kwani vumbi lake linaweza kubeba vijidudu vya kuvu vinavyoshambulia mapafu. Mchwa wamefuatiliwa hadi kwenye kichuguu kilichofichika nyuma ya sakristia. Fremu ya mlango imekatwa chini na kukalishwa juu ya jiwe, isiguse udongo.

Ardhi kuzunguka msingi

Kila mwaka watu hufagia, majani yanaoza, mchanga unaletwa, maua yanapandwa, na ardhi inapanda. Upande wa kaskazini imepita sakafu kwa kiasi cha kiganja. Tumeichimba kwa upana wa mita 1, tukaishusha, tukaipa mteremko wa kutoka ukutani, kisha mtaro wenye kokoto unaopeleka maji kwenye shimo la kunyonya chini ya mteremko.

Uchimbaji huu ulifanywa kwa jembe la mkono, taratibu, na familia zenye makaburi karibu na ukuta ziliarifiwa mapema. Hatukuchimba chini ya kitako cha msingi. Maua yaliyokuwa yamegusa ukuta yamehamishiwa kwenye njia ya kuingilia. Kina mama walioyapanda walilalamika, halafu wao wenyewe wakachagua mpangilio mpya ambao kusema kweli ni mzuri kuliko wa kwanza.

Kutoa saruji

Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu kuliko pote.

Lipu ya saruji ya ndani ilipigwa na watu wenye nia njema walioona ukuta unatoa unyevu na wakataka kuuziba. Tatizo ni kwamba ukuta wa zamani wa mawe na chokaa hautegemei kuzuia maji yasiingie kabisa. Yanaingia kiasi, kisha yanatoka kama mvuke kupitia kwenye viungo, yaani chokaa iliyo kati ya mawe. Saruji ni nzito na ngumu, inaufunga mlango huo. Maji yanabaki ndani, yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na yakifika juu ya lipu yanaacha chumvi. Ule mstari mweupe wa unga tulioufagia miaka yote juu ya lipu ndiyo hiyo chumvi. Ikikauka inajenga fuwele ndani ya vitundu vya jiwe, na fuwele hizo zinakua na kulibandua jiwe ganda kwa ganda.

Fundi mkuu alikataza mashine ya kukatia. Diski yake haijui jiwe linapoishia. Vijana wametumia patasi na nyundo ndogo, na kwa kuwa lipu ilikuwa imeshaachana na ukuta, vipande vikubwa vilitoka kwa kusukumwa tu. Nyuma yake mawe yalikuwa meusi kwa unyevu, na chokaa ya viungo imekuwa laini kiasi cha kuchimbika kwa kijiti. Harufu ya ukungu ilijaa kanisa zima. Milango na madirisha yameachwa wazi mchana, na ukuta umeachwa uchi ukauke. Chumvi inayojitokeza inafagiliwa ikiwa kavu na kutolewa nje. Mtu asije na ndoo kuiosha, maana maji yanairudisha ndani.

Swali la mshiriki mmoja lilikuwa la haki: kama chokaa ni nzuri hivyo, kwa nini dunia iliiacha? Kwa sababu ni ya polepole. Jiwe la chokaa linachomwa kwenye joto la karibu nyuzi 900 mpaka hewa ya kaboni iliyomo itoke. Linazimwa kwa maji. Linakuwa uji mzito. Na likiwa ukutani linairudisha hewa ile ile kutoka angani na kuwa jiwe tena, kuanzia nje kwenda ndani, wiki kwa wiki. Mjenzi mwenye haraka haitaki kazi hiyo. Mwaka 1756 John Smeaton, akijiandaa kujenga mnara wa taa wa Eddystone baharini, aligundua kwamba jiwe la chokaa lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake linatoa chokaa inayokaza hata penye maji. Mwaka 1824 Joseph Aspdin akapata hataza ya saruji aliyoiita Portland. Kwa daraja au tangi, saruji ni baraka. Kwa ukuta wetu ni kizibo.

Kujaza viungo

Tunatumia chokaa mbili. Juu ni ile ya uji. Chini karibu na ardhi, penye unyevu mwingi, ni ile ya aina ya Smeaton inayokaza penye maji. Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga mkali wenye chembe kubwa na ndogo, kwa sababu theluthi moja hivi ya mchanga huwa ni nafasi tupu kati ya chembe, na chokaa inakuja kuzijaza.

Viungo vimekwanguliwa kwa kina cha mara mbili ya upana wake, vikapulizwa vumbi, vikanyunyiziwa maji. Ukisahau maji, jiwe kavu linanyonya chokaa na inabaki unga. Mota, yaani mchanganyiko huo wa chokaa na mchanga, inasukumwa kwa mwiko mwembamba hadi ndani. Kesho yake, ikianza kukaza, vinyufa vidogo vya kusinyaa vinabanwa tena kwa mwiko, kisha kiungo kinapigwapigwa kwa ncha za brashi ngumu mpaka chembe za mchanga zijitokeze. Nilidhani ni urembo. Fundi alinionyesha: uso uliolainishwa kwa mwiko unakuwa na ngozi, uso wenye chembe una eneo kubwa la kutolea unyevu. Baada ya hapo magunia mabichi yanatundikwa mbele yake ili jua na upepo visiikaushe kabla haijakaza.

Usalama: glavu na miwani kwa kila mtu, bila mjadala. Chokaa mbichi inachoma ngozi na inaweza kupofusha. Wakati wa kuizima, chokaa ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimimina maji machache juu ya lundo la chokaa inachemka na kurusha.

Mkutano wa kamati

Mrefu, na wenye joto. Kwa kuwa kuta zilikuwa wazi, yalikuja mapendekezo: tuweke vigae hadi kimo cha kifua, tupanue madirisha, tubomoe mnara tujenge mrefu zaidi. Nilikumbusha kwamba mwaka 1877 William Morris na wenzake waliunda chama cha kulinda majengo ya kale huko Uingereza kwa sababu ya mambo ya namna hii: makanisa ya vijijini yalikuwa yanakwanguliwa lipu na kupewa sura mpya na watu walioita kazi hiyo ukarabati. Vigae vimekataliwa kwa kura, kwani vingekuwa saruji kwa jina jingine. Madirisha yanabaki. La mnara halikupata hata wa kuliunga mkono.

Kengele

Ni ya bronzi, nzima, lakini imelika sehemu moja pale ulimi unapogonga. Tumeigeuza robo mzunguko ili ulimi ukute uso mpya. Kilichotutisha ni kamba: ilikuwa imefungwa kwenye ulimi wenyewe, na mpigaji alikuwa anauvuta na kuushikilia ukutani mwa kengele. Kengele ikizuiwa kutetemeka namna hiyo inaweza kupasuka, na bronzi iliyopasuka haishoneki kirahisi. Mzee wa kengele alisikiliza yote hayo kimya, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini ilikuwa inalia kama sufuria. Amepewa nyundo ya pembeni inayogonga na kurudi.

Rangi, hatimaye

Si rangi ya dukani. Ni chokaa iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ikapakwa juu ya ukuta uliolowanishwa, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi hauonekani kabisa, na malalamiko yalianza hapo hapo. Kufikia mkono wa nne weupe ulikuwa umejaa. Ukuta wa kaskazini, sehemu ya chini, umeachwa kwanza; bado una unyevu, na atakayeupaka sasa ataurudia.

Mvua kubwa ya kwanza

Tulisimama ndani na taa. Paa halijavuja. Mtaro umepeleka maji shimoni. Vioo vipya vya ufa, vilivyobandikwa baada ya fimbo kukazwa, viko vizima vyote, na benchi tatu zimefunguliwa. Kiungo kimoja cha mfereji upande wa kusini, cha pili kutoka mnarani, kinadondosha. Fundi seremala atakirudia Ijumaa, na ngazi ibaki sakristia mpaka hapo. Mifereji itasafishwa kabla ya kila msimu wa mvua na tena katikati yake, zamu zimeandikwa mlangoni. Zamu ya kwanza ni ya vijana wa kwaya.